Uzi wa wiki chache, uzi wa maisha: kisa cha ngiri kulia na maumivu kushoto

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja aliyetibiwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ukanda wa pwani. Umri, kazi na nyakati vimeelezwa kwa ujumla ili asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu na wauguzi wa thieta wanaotibu ngiri ya kinena kwa upasuaji wa wazi, na kwa yeyote anayelazimika kumweleza mgonjwa kwa nini meshi yake, yaani wavu wa plastiki unaowekwa kuziba tundu la ngiri, itashikizwa hivi na si vile.

## Mgonjwa

Alikuwa hamali wa miaka 50 na kitu, mwembamba, mwenye afya nzuri. Hakuwa na kisukari wala presha, hakohoi, na haja zote mbili alikuwa akizipata bila kujikamua. Alikuja na uvimbe wa kinena cha kulia uliokuwa ukitokeza kila anapobeba gunia na kurudi ndani akilala chali. Ulikuwepo kwa zaidi ya mwaka. Kwa kazi yake, ngiri hiyo haikuwa ya kungojea.

Ila kilichomchelewesha hakikuwa woga wa kisu. Miaka 3 kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri upande wa kushoto katika hospitali nyingine, akawekewa meshi. Ngiri ya kushoto haikurudi. Maumivu ndiyo yaliyobaki, na kwa sababu hiyo aliona afadhali akae na uvimbe wa kulia kuliko kupata maumivu ya aina ile pande zote mbili.

Daktari mdogo wa zamu, binti wa umri wa mwanawe, alimwamkia shikamoo, akamwomba amwonyeshe panapouma. Inafaa kukaa kidogo hapa, kwa sababu nusu ya utambuzi ilipatikana katika dakika hiyo moja. Mgonjwa ambaye neva yake imeumia kwa kawaida hupitisha kiganja chote: kutoka kwenye kovu, kushuka kwenye paja la ndani, mpaka kwenye korodani. Huyu alitoa kidole cha shahada peke yake, akakibonyeza juu ya kinundu cha mfupa wa kinena, mahali penye upana wa sarafu. "Hapa hapa, mwanangu. Kama kuna msumari umeachwa." Alipoombwa akohoe, alishika palepale. Pamba ilipopitishwa juu ya ngozi, ganzi ilikuwepo chini tu ya kovu na haikumsumbua. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, aliyapa maumivu ya kubonyezwa 7.

Tulichoma lignokaini, dawa ya ganzi, kidogo pale pale kwenye kinundu. Baada ya dakika chache alibonyezwa tena, akasema ni 1. Kipimo kilirudiwa siku nyingine, jibu likawa lile lile. Cheti cha upasuaji wa kwanza hakikupatikana, kwa hiyo hatukujua kwa maandishi meshi ile ilishikizwa kwa kitu gani. Lakini maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, yanayozimwa na ganzi ya nukta hiyo hiyo, yanaelekeza kwanza kwenye uzi uliopitishwa ndani ya utando wa mfupa.

## Ombi la familia

Mwanawe mkubwa anafanya kazi Muscat. Alikuwa amesoma kuhusu meshi inayojishika yenyewe bila kushonwa, akampigia simu baba yake, baba akiwa bado kliniki: yuko tayari kutuma pesa ili itafutwe popote ilipo. Mgonjwa mwenyewe aliweka sharti jepesi zaidi. "Nitibuni, lakini msinitie uzi kama ule."

Ombi la namna hii hujibiwa vibaya kwa njia mbili. Kuna daktari anayesema "sisi tunashona, basi", na kuna anayekubali pesa zitumwe kwa kuwa hazitoki mfukoni mwake. Familia hii ilistahili kuelezwa pesa hizo zingenunua nini hasa, na nini zisingenunua.

## Machaguo yaliyokuwepo, na yanavyopimana

Upasuaji unaozungumziwa ni ule wa daktari Lichtenstein, aliyeanza kuufanya Los Angeles mwaka 1984 na kuuchapisha na wenzake 1989. Badala ya kuvuta misuli kwa nguvu ili kuziba tundu, unatandika meshi juu ya ukuta wa nyuma wa mfereji wa kinena. Amid aliyeuendeleza alisisitiza vipimo: meshi pana ya kama sentimita 7 kwa 15, ivuke kinundu cha mfupa kwa sentimita 2 upande wa katikati, ipande sentimita 3 hadi 4 juu ya pembetatu dhaifu ya ukuta wa nyuma, na iende sentimita 5 hadi 6 nje ya pete ya ndani, tundu ambamo kamba ya mbegu hutokea tumboni. Iachwe ikiwa imelegea kidogo, kwa sababu mtu akisimama tumbo husukuma, na polipropileni, plastiki ya meshi hiyo, hunywea ikishaingia mwilini.

Swali la kushikiza linaeleweka tu ukiuliza kwanza meshi inashikizwa ya nini. Inashikizwa isihame wala isijikunje, mpaka tishu za mwili ziote ndani ya matundu yake. Kazi kubwa ya kuota hiyo hufanyika wiki chache za mwanzo. Baada ya hapo kinachoishikilia meshi ni mwili wenyewe. Uzi usioyeyuka hufanya kazi kwa wiki hizo, kisha hukaa pale maisha yote, bila kazi, popote ulipopitishwa. Ukipita kwenye kano ya kinena hauna neno. Ukipita kwenye utando wa mfupa, au ukinasa neva, mgonjwa atabaki nao.

Hapo ndipo njia nyingine zinapopata hoja yao.

Uzi unaoyeyuka ni njia ya kwanza, na ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono yetu. Lakini nyuzi zinazoyeyuka haziko sawa. Rejesta ya ngiri ya Sweden ilipochambuliwa mwaka 2011, upasuaji 82,015 wa Lichtenstein, ilionekana kuwa meshi zilizoshikizwa kwa uzi unaoyeyuka upesi zilirudisha ngiri mara nyingi zaidi, ilhali uzi unaoyeyuka polepole haukutofautiana na ule wa kudumu. Kwa maneno ya rafu ya thieta: poliglaktini, uzi unaoyeyuka upesi na unaoshikwa na kila mtu kwa mazoea, si mbadala wa uzi wa kudumu wa polipropileni hapa. Polidioksanoni ni mbadala, maana hudumisha sehemu kubwa ya nguvu yake kwa wiki kadhaa na kutoweka baada ya miezi.

Gundi ziko za aina mbili. Ya fibrini hutengenezwa kutokana na protini za damu ya binadamu, ni ghali na inadai baridi ya kuaminika. Ilipimwa katika jaribio la TIMELI lililochapishwa 2012, wagonjwa 319: baada ya miezi 12, waliobaki na maumivu, ganzi au usumbufu wa kinena wa kiwango cha kulemaza walikuwa asilimia 8.1 kwa gundi na 14.8 kwa uzi. Ya pili ni sayanoakrileti ya kitabibu, inayokuja katika ampuli ndogo na kuganda inapogusa unyevu. Mgonjwa mmoja aliwahi kuuliza kama ndiyo supa gluu ya fundi viatu. Zinatoka familia moja, lakini ile ya dukani huvunjika upesi mwilini na kutoa sumu kwa tishu; haitumiki kamwe. Hata ya kitabibu hutiwa kwa matone madogo yaliyoachana. Ukiimwaga kama rangi, inajenga ukuta mgumu unaozuia tishu kuota ndani ya meshi, yaani inaharibu kazi ile ile iliyokusudiwa.

Meshi ya kujishika ina vijino vidogo vya asidi ya polilaktiki vinavyong'ata tishu na kuyeyuka baadaye. Inaokoa dakika chache za thieta. Shida yake ni kuwa ikishang'ata vibaya, kuinyanyua na kuipanga upya ni kazi, na kwa mkono usioizoea huishia na mkunjo.

Sasa linalohusu pesa za Muscat. Utafiti wa Finland wa 2015, wagonjwa 625, ulilinganisha sayanoakrileti, meshi ya kujishika na uzi wa kudumu. Baada ya mwaka 1 maumivu hayakutofautiana. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 12 ya gundi dhidi ya uzi, yakaona gundi huenda ikapunguza maumivu ya muda mrefu bila kuongeza ngiri kurudi, ila ubora wa ushahidi ulikuwa hafifu. Mwongozo wa kimataifa wa HerniaSurge wa 2018 unakubali kwamba njia zisizochoma huenda zikapunguza maumivu ya siku za mwanzo, na hautoi ahadi juu ya maumivu sugu. Mwongozo huo huo unakadiria kwamba asilimia 10 hadi 12 ya wanaofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena hubaki na maumivu yanayogusa maisha yao ya kila siku. Hiyo ni idadi kubwa mno kwa upasuaji tunaouita mdogo, na hakuna kifaa cha kushikizia kilichoifuta.

Mwana aliuliza pia kama meshi ya hospitali, ya bei nafuu, si duni. Tulimjibu kwa mfano wa jirani: mashariki mwa Uganda, wanaume 302 waliwekewa ama meshi ya kampuni ama wavu wa chandarua usio na dawa, uliotayarishwa na kutakaswa, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba baada ya mwaka ni mgonjwa mmoja tu ambaye ngiri ilimrudia katika kundi la chandarua, na hakuna katika lile la kampuni. Tofauti hiyo si ya kuhesabika. Pesa zake zikabaki Muscat.

## Uamuzi kabla ya thieta

Mpango uliandikwa kwenye faili na kusomwa mbele ya mgonjwa. Kulia: meshi ya kawaida ya polipropileni, ishikizwe kwa sayanoakrileti peke yake ikiwa tundu ni dogo au la wastani, na uamuzi ubadilike ikiwa tundu ni kubwa au ukuta wa nyuma umedhoofika sana. Kushoto: kupitia sehemu fupi ya kovu la zamani, kutafuta uzi juu ya kinundu na kuuondoa, meshi iachwe mahali pake.

Palikuwa na mjadala kuhusu kufanya pande zote mbili kwa mara moja. Hoja ya kuzitenganisha ilikuwa nzuri: kufungua tena eneo lenye meshi kunaongeza hatari ya maambukizi, na maumivu ya pande mbili yangechanganya tathmini. Hoja ya kuziunganisha ilishinda kwa sababu ya maisha ya mgonjwa. Hamali asiyebeba hapati chakula cha siku hiyo. Kulazwa mara mbili kungemaanisha kwamba upande wa kushoto hautarudiwa kabisa. Tulikubaliana upande wa kulia uanze, ili meshi mpya iwekwe thieta ikiwa safi kabisa, kisha vitambaa, glavu na vifaa vibadilishwe kabla ya kugusa kushoto. Dozi moja ya antibiotiki ilitolewa kabla ya kukata, na ganzi ikawa ya mgongoni.

## Thieta

Kulia, ngiri ilikuwa ya moja kwa moja, yaani iliyosukuma ukuta wa nyuma wenyewe, na tundu lilipokea vidole 3 bila kubana. Kwa mgawanyo wa Ulaya hiyo ni M3, daraja la mwisho kwa ngiri za katikati. Neva tatu za kinena zilitafutwa na kuonekana zote, zikaachwa kwenye vitanda vyao bila kuvutwa.

Hapa mpango ulibadilika. Gundi peke yake inategemea meshi kulala juu ya ukuta unaoipinga. Kwenye tundu la vidole 3 sehemu ya katikati ya meshi inalala juu ya hewa, na kila kikohozi kinaisukuma kutoka nyuma. Tafiti nyingi za gundi zina ngiri ndogo na za wastani kuliko hizi, kwa hiyo kumfanyia huyu kwa kutegemea matokeo yao kungekuwa kubahatisha kwa mwili wa mtu anayeishi kwa kubeba.

Kilichofanyika ni hiki. Kifuko cha ngiri kilirudishwa ndani na kulazwa kwa mshono mwepesi wa uzi unaoyeyuka, ili meshi ipate mahali tambarare. Meshi ilivushwa kinundu kwa sentimita 2 kamili. Muuguzi wa thieta aliombwa apime kwa rula, akapima. Mshono wa kwanza ulipitishwa kwenye nyuzinyuzi za ala ya msuli wa tumbo zinapofika kinundu. Kabla ya kufunga fundo, ncha ya sindano iliinuliwa kidogo: tishu ikainuka nayo, maana haikuwa imeng'ata mfupa. Jaribio hilo dogo linachukua sekunde tatu na lingemwokoa mgonjwa huyu miaka 3 upande wa pili. Kutoka hapo polidioksanoni namba 2-0 ilifuata kano ya kinena kwa mishono 4, ikaishia usawa wa pete ya ndani, isivuke kwenda nje inakopita neva kubwa ya paja. Mikia ya meshi ilikunjwa nyuma ya kamba ya mbegu na kufungwa kwa mshono mmoja.

Ukingo wa juu ndio uliopata gundi. Neva ya iliohaipogastriki, mojawapo ya zile tatu, inapita pale juu ya msuli, na mshono wa kubahatisha huinasa kwa urahisi. Matone machache ya sayanoakrileti yaliyoachana yaliwekwa mbali na neva hiyo, kisha meshi ikakandamizwa kidogo mpaka ishike.

Kushoto, chini ya kovu, meshi ya zamani ilikuwa imeshikana na tishu kila upande; haikusogea ilipovutwa kwa kibanio. Juu ya kinundu palikuwa na fundo gumu la uzi wa buluu lenye ncha ndefu, na kitanzi chake kimezama kwenye utando wa mfupa. Kilikatwa na kutolewa chote. Hakuna kingine kilichoguswa.

## Matokeo

Aliruhusiwa siku iliyofuata. Siku ya 10 alipata uvimbe laini upande wa kulia, akaenda zahanati ya karibu. Akaambiwa ngiri imerudi, na sindano ikaanza kuandaliwa ili ivutwe. Mkewe alipiga simu wodini kabla haijachomwa. Alipoletwa, uvimbe haukubadilika kwa kukohoa, na picha ya altrasaundi ilionyesha maji yaliyokusanyika mbele ya meshi, seroma, jambo la kawaida baada ya ngiri kubwa ya aina hii. Yalikauka yenyewe ndani ya wiki chache.

Alirudi kubeba mizigo mwishoni mwa wiki ya 4, mapema kuliko alivyoahidi. Baada ya miezi 3, kulia alisema 1 anaponyanyua na 0 akipumzika. Kushoto, palipokuwa 7, alisema 2. Baada ya miezi 12 pande zote zilikuwa 0 au 1, hakuna ngiri iliyopapasika akiwa amesimama na kukohoa, na hisia za ngozi zilikuwa kama kabla.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, si gundi wala aina ya uzi. Ni kuuliza kuhusu kila mshono peke yake: hapa panahitaji kushikiliwa kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, na nini kiko chini ya sindano? Mazoea yanatufanya tuchague njia moja kwa mgonjwa mzima, uzi au gundi, kana kwamba kinena chote ni kitu kimoja. Kando ya kano ya kinena, mpaka usawa wa pete ya ndani, panahitaji nguvu na hapana neva ya kuogopa: uzi. Ukingo wa juu hauhitaji nguvu nyingi na una neva: gundi. Juu ya kinundu panahitaji nguvu kuliko kwingine kote, kwa sababu ngiri nyingi zinazorudi hupitia hapo, na pana mfupa usiostahili kuguswa: mshono mmoja, wa tishu tu, na meshi iliyovuka vya kutosha.

Mchanganyiko huu haujathibitishwa na jaribio lolote ninalolitegemea kama ulivyofanyika hapa, na mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Angeweza kupona vizuri hivyo hivyo kwa uzi wa kudumu uliopitishwa mahali sahihi. Huenda ndiyo maana utafiti wa Finland haukuona tofauti: mikono iliyozoea, inayokwepa mfupa na neva, huondoa sehemu kubwa ya madhara ya uzi kabla gundi haijapewa nafasi ya kuonyesha faida. Mahali ambapo neva hazitafutwi na mshono wa kwanza unang'ata mfupa, kubadilisha kifaa kutasaidia kidogo tu.

Nafuu ya kushoto nayo isomwe kwa uangalifu. Kipimo cha lignokaini kilichorudiwa, fundo lililokutwa mahali hasa alipoonyesha, na maumivu yaliyoshuka baada ya kulitoa vinaelekea upande mmoja. Hata hivyo mgonjwa huyo huyo alipata ganzi ya mgongoni, mapumziko ya wiki kadhaa, na watu waliomsikiliza kwa mara ya kwanza kuhusu maumivu yake. Vyote hivyo hushusha namba.

Uamuzi wa kuacha mpango wa gundi peke yake ulikuwa mwepesi kwa sababu ulishaandikwa na mgonjwa alishaukubali. Kama angeahidiwa "hakuna uzi kabisa", daktari angesimama mbele ya tundu la vidole 3 akiwa amejifunga mikono.

Kilichoshindikana ni karatasi, mara mbili. Mara ya kwanza ni cheti cha upasuaji wa zamani kilichokosekana. Mstari mmoja unaosema "uzi wa polipropileni, mshono wa kwanza kwenye kinundu" ungefupisha safari ya miaka 3. Mara ya pili ni cheti chetu cha kuruhusiwa, kilichoandika "meshi imewekwa kulia" na kuishia hapo. Mhudumu wa zahanati aliyeona uvimbe siku ya 10 hakuwa na cha kumwongoza, na sindano ile ingeweza kupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye meshi. Cheti cha sasa cha wodi hiyo kinataja aina na ukubwa wa tundu, aina ya meshi, kila mahali iliposhikizwa na kwa kitu gani, neva zilizoonekana, na sentensi moja kwa Kiswahili chepesi kwa atakayempokea mgonjwa: uvimbe laini usiopanuka kwa kukohoa huenda ni maji, usichome sindano, piga namba hii.